Anayetafuta Kazi Tanga: Namna ya Kwenda na Mawakala wa Ajira na Kumjua Tapeli Mapema

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liwekwe Chongoleani, Agosti 2017, Tanga imekuwa mji wa kusubiri kazi. Bomba lenyewe ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda mpaka kwetu pwani. Bandari nayo imechimbwa kina na kupanuliwa, viwanda vya saruji vya Pongwe na Maweni vinafanya kazi, na mkonge wa Muheza na Korogwe umerudi kutajwa kwenye vikao vya maana. Kazi za kweli zipo, na hizo ndizo zinazompa tapeli soko. Nani atanunua nafasi ya uongo mahali asipoamini kwamba kuna nafasi?

Mwongozo huu ni kwa kijana wa Makorora, Mabawa, Sahare au Kange mwenye cheti mkononi na simu isiyokauka ujumbe wa ajira. Nitaeleza jinsi ya kumtumia wakala vizuri, kisha jinsi ya kumkwepa mwizi. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, kwa sababu anayejua wakala wa kweli anavyofanya kazi hamalizi dakika tano na tapeli.

Hatua ya 1: Jua nani anamlipa huyo anayekupigia

Anayekuletea habari ya kazi huwa ni mmoja wa watu watatu. Yupo afisa utumishi wa kampuni yenyewe, anayelipwa mshahara na kampuni. Yupo wakala wa ajira, mwenye ofisi na leseni, anayelipwa na mwajiri kwa kumtafutia watu. Na yupo dalali wa mtaani asiye na leseni wala ofisi, ambaye anajua jina la msimamizi fulani.

Sisi tumezoea dalali wa nyumba. Ukitaka chumba Ngamiani unatoa hela ya kuoneshwa, na chumba kikipatikana unatoa na ya udalali, basi. Wengi wanadhani kazi inakwenda hivyohivyo. Haiendi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unaweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Biashara yake ni kumpa mwajiri mtu anayefaa, na mwenye shida hiyo ndiye anayelipa.

Ukishalijua hilo utamwelewa pia wakala mwaminifu. Anamtumikia anayemlipa, kwa hiyo usimfanye mwenzako wa kumwaga siri. Asipokupigia wiki mbili hajakuchukia, ila mwajiri hajajibu au amempata mwingine. Na akisifia kazi kupita kiasi, kumbuka analipwa nafasi ikijazwa.

Hatua ya 2: Tengeneza faili kabla simu haijalia

Chukua daftari. Kila unapoomba kazi andika tarehe, jina la kampuni, cheo ulichoomba, na njia uliyotumia. Jambo dogo, lakini linazuia mengi. Ujumbe wa "Hongera, umechaguliwa kwa usaili" ukiingia, unafungua daftari. Kama hukuomba, hakuna aliyekuchagua. Mtu aliyetuma maombi thelathini bila kuandika popote ndiye anayejiambia, "Labda niliomba nikasahau," na hapo mlango umeshafunguka.

Vyeti halisi visitoke nyumbani isipokuwa siku ya usaili, na siku hiyo vionyeshwe na kurudi na wewe. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kubaki na cheti chako cha kidato cha nne kama rehani. Unapotuma nakala kwa simu, andika juu yake kwa kalamu, kwa mshazari: "Kwa maombi ya kazi ya" fulani "tu", na tarehe. Nakala ya namna hiyo ni ngumu kuitumia kwingine.

Namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, mwajiri ataihitaji wakati wa mkataba. Kwenye CV haina kazi yoyote. Iondoe, na jina la mama yako uliondoe pia.

Hatua ya 3: Mazungumzo ya kwanza

Wakala wa kweli akikupigia, atakuwa tayari kujibu maswali. Muulize kwa adabu: Kampuni ni ipi? Kama hawezi kuitaja bado, ni ya shughuli gani na iko wapi? Nafasi ni mpya au kuna aliyeondoka? Mkataba wangu utasainiwa na kampuni, au na ofisi yako? Hili la mwisho wengi hawaulizi. Kuna vijana wanaofanya kazi ndani ya geti la kampuni kubwa mwaka mzima, kumbe kwenye karatasi ni wafanyakazi wa kampuni nyingine ya kukodisha vibarua, yenye malipo na haki tofauti.

Mwambie pia waziwazi: "Naomba usipeleke CV yangu popote kabla hujaniambia." Mawakala wawili wakimpelekea mwajiri mmoja jina lako, wataanza kugombania malipo, na mwajiri ili kukwepa ugomvi anakuweka kando. Ukiwa umeandika kwenye daftari nani kakupeleka wapi, hilo halikupati.

Kwenye mshahara usione haya, lakini zungumza ukijua hesabu. Uliza kama kiasi kinachotajwa ni ghafi, yaani kabla ya makato, au cha mkononi. Tuseme umeahidiwa shilingi 600,000 ghafi na mwajiri wako yuko NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango wako wa asilimia 10 ni 60,000. Kinachobaki kukatwa kodi ni 540,000. Katika hizo, 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 zilizobaki asilimia 20, yaani 4,000. Unakwenda nyumbani na 516,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa pia, 90,000 nyingine, na mkononi zinabaki 426,000. Anayeijua hesabu hii hapokei kazi ya Dar es Salaam kwa 600,000 halafu akalia mwezi wa pili.

Ukiulizwa mshahara wa zamani, si lazima uutaje. Sema kiwango unachotegemea kwa kazi hii. Usidanganye kiwango ulichokuwa ukilipwa, maana karatasi ya mshahara inaweza kuombwa.

Hatua ya 4: Nenda kwenye chanzo kwa mguu wako

Kama muda wako unatosha hatua moja tu, chukua hii. Habari yoyote ya kazi ihakikishwe kwa njia uliyoitafuta wewe. Usitumie namba, kiungo wala "ofisi" uliyopewa na aliyekuletea habari.

Kazi za serikali na mashirika ya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye ajira.go.tz, na maombi hupitia mfumo wao bila malipo. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili huwekwa palepale, kila mtu akasoma. Vyombo kama polisi, uhamiaji na jeshi vina utaratibu wao, nao hutangaza wazi. Anayedai kuwa na orodha ya siri ya bandari au ya halmashauri, mwombe akuonyeshe tangazo lenyewe kwenye tovuti.

Anwani ya tovuti isome kuanzia mwisho. Ya serikali inaishia na .go.tz. Ile iliyoandikwa "ajira-go-tz" halafu ikafuatiwa na .com au .online ni ya mtu binafsi, hata ikiwa na nembo ya Bibi na Bwana.

Kampuni binafsi itafute kwa jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Kusajiliwa peke yake hakuthibitishi uaminifu, kwani hata tapeli anaweza kusajili kampuni, lakini kutosajiliwa kunatosha kukuondoa. Wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira Na. 9 ya 1999. Mwombe namba ya leseni, kisha uliza ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Mwenye leseni hakasiriki kuulizwa.

Kwa kazi za mradi, njia fupi kuliko zote ni miguu. Panda daladala mpaka ofisi ya kata au ya serikali ya mtaa palipo na mradi, umuulize mtendaji kama kampuni fulani inaajiri. Nauli yake ni ndogo kuliko kiasi chochote utakachoombwa na tapeli.

Hatua ya 5: Dalili zenye uzito na zisizo na uzito

Orodha nyingi za tahadhari zinasema ukiona barua pepe ya Gmail ujue ni utapeli. Kwa Tanga hapo utawakimbia waajiri halali kibao. Mwenye ghala Chumbageni anatumia Gmail na WhatsApp, na tangazo lake lina makosa ya herufi, na mshahara analipa tarehe 30. Makosa ya lugha hayathibitishi kitu. Barua ya tapeli siku hizi ni safi, ina mhuri na saini ya "mkurugenzi".

Yenye uzito ni matatu: pesa, haraka, na kuzuiwa kuuliza.

Pesa hazitajwi kwa jina lake. Zinaitwa hela ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya, ya kibali cha kuingilia bandarini, ya mafunzo ya usalama kazini. Kiasi hupangwa kwa ujanja: 25,000, 35,000, 50,000. Ni kidogo cha kutosha kukopa kwa shangazi, na ni kidogo cha kukufanya uone aibu kwenda polisi. Vipimo vya kweli unavilipia kwenye dirisha la hospitali na kupewa risiti, hata kama ni Bombo. Malipo ya serikali yanapita kwenye kontroo namba, yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, na jina la taasisi linaonekana kabla hujathibitisha. Ukiona jina la mtu binafsi limejitokeza kwenye simu wakati unataka kuilipa "kampuni", bonyeza kuondoka.

Haraka nayo ina sura yake. Ujumbe unaingia Ijumaa jioni, mwisho wa kulipa ni kesho saa nne asubuhi, ofisi zote zimefungwa hadi Jumatatu. Muda huo umechaguliwa ili usipate wa kumuuliza. Mwajiri aliyekaa miezi miwili bila fundi wa umeme anaweza kusubiri siku mbili zaidi.

Na kuzuiwa kuuliza: "Usimwambie mtu, nafasi ni chache." "Ukipiga simu kampuni jina lako litatolewa." Kampuni gani inamfukuza mtu kwa sababu ameuliza njia ya kufika ofisini?

Kuna aina tatu ambazo zinahitaji maneno zaidi.

Ya kwanza ni ofisi ya muda. Chumba kimoja ghorofani, bango jipya, vijana wenye tai. Unaitwa kwa "usaili wa maofisa masoko hamsini", mnaingia ukumbini, mnapigiwa makofi, kisha mnaambiwa kila mmoja anunue bidhaa za kuanzia na alete watu wawili. Hiyo ni biashara ya kuingiza watu, na mshahara haupo. Tanga tunasifika kwa waja leo waondoka leo, na ofisi za namna hii zinaufuata msemo kwa herufi. Mwenye nyumba ndiye wa kumuuliza: wamelipa kodi ya miezi mingapi?

Ya pili ni kazi ya kubofya. Unaingizwa kwenye kundi la Telegram, unapenda video, unatumiwa 5,000 kweli. Kesho 8,000. Siku ya tatu unaambiwa uweke 50,000 ili upande "daraja" la kulipwa zaidi, na kwenye skrini salio lako linaonekana likikua. Salio hilo ni tarakimu zilizochorwa. Ukitaka kulitoa utaambiwa ulipe kodi kwanza. Zile 5,000 za mwanzo zilikuwa chambo, zimetoka kwa aliyeingia kabla yako.

Ya tatu haizungumzwi vya kutosha. Kijana anakuja na kimashine au simu, anasema anasajili waombaji kazi, weka kidole hapa, kidole kingine, "hakijasoma, rudia". Tangu mwaka 2019 laini za simu hapa nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Unapoweka kidole unaweza kuwa unasajili laini kwa jina lako, na laini hiyo ikatumika kutapeli wengine. Siku polisi wakifuatilia, mwenye laini ni wewe. Maombi ya kazi hayahitaji kidole. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua peleka kwa mtandao husika ifungwe.

Hatua ya 6: Anapokuwa ndugu

Mgeni wa WhatsApp ni rahisi kumkatalia. Ugumu upo kwa mjomba anayekuja nyumbani baada ya magharibi, anakunywa kahawa, kisha anamwambia mama, "Nina mtu wangu ndani. Mtafutieni laki tatu, kijana ataingia." Pengine mjomba mwenyewe ametapeliwa na hajui, anasambaza tu alichoambiwa. Ukikataa vibaya umevunja heshima, na ukikubali umeuza mbuzi wa mama.

Lugha ipo. "Shikamoo mjomba. Nashukuru kwa kunikumbuka. Naomba nielekezwe ofisi nikapeleke maombi mwenyewe, na huyo mkubwa nimtaje kama atakubali. Inshallah nikichukuliwa, mshahara wa kwanza nitakuja kutoa shukrani." Hujamwita mwongo, hujakataa msaada, na hujatoa shilingi. Akikubali, umepata koneksheni halali, maana kutambulishwa kwa mwajiri si dhambi. Akisema mkubwa hataki kutajwa na pesa itangulie, jibu umeshalipata, na mama naye amelisikia.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa na anayepokea. Hilo ndilo linalowafanya waliolipa "mtu wa ndani" wanyamaze baada ya kuibiwa, na mwizi anaujua ukimya huo. TAKUKURU wanapatikana kwa 113. Piga kabla ya kutoa.

Hatua ya 7: Kazi ya nje

Kila mtaa wa Tanga una mtu aliyewahi kwenda Uarabuni, kwa hiyo sitatisha watu kana kwamba wote wanaokwenda wanaangamia. Wapo waliojenga. Lakini ukisafiri vibaya, kurudi kwako kunategemea huruma ya mtu mwingine.

Mkataba uusome ukiwa bado nyumbani, kwa lugha unayoijua, wenye jina la mwajiri, kazi, mshahara, saa za kupumzika na nani analipa tiketi ya kurudi. Visa iwe ya kazi. Ukiambiwa "utaingia na ya utalii, tutabadilisha ukifika", usipande ndege. Katika nchi nyingi za Ghuba kibali chako kinafungwa kwa kafili, yaani mwajiri mdhamini aliyekuleta, kwa hiyo kumjua kafili kabla ya safari ndiyo kujua maisha yako yatakuwaje. Pasipoti omba mwenyewe Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000 kwa kontroo namba, na isikae kwa wakala hata usiku mmoja. Nakala ya kila kitu ibaki kwa mtu wa nyumbani.

Ofa za "huduma kwa wateja" Thailand zichukuliwe kwa hofu maalumu. Vijana wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi hizo, wakavushwa mpaka hadi Myawaddy nchini Myanmar na kufungiwa kwenye makambi, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inahusika na wanaowakusanya vijana hapa nyumbani pia, si wale wa huko tu.

Hatua ya 8: Kusaini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Soma, uliza, omba nakala yako siku hiyohiyo. Karatasi tupu au yenye nafasi wazi usitie saini, hata anayekuambia ni mtu mzima wa kuheshimika. Baada ya miezi miwili au mitatu pita NSSF uone kama michango inaingia, kwani wapo wanaokata na hawapeleki.

Hatua ya 9: Kama pesa imeshatoka

Dakika ndizo zinazohesabika. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Kama tapeli hajaitoa pesa kwa wakala wa pesa za simu, kuna nafasi. Usifute ujumbe wowote hata ukikuudhi. Piga picha za skrini zenye namba, tarehe na namba ya muamala. Sambaza ujumbe wa tapeli na namba yake kwenda 15040. Nenda kituo cha polisi ufungue jalada na uondoke na RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, mkononi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na yaliyofanyika kwa simu yanaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama ulitoa nakala za vitambulisho, andikisha hilo nalo, kisha rudia *106# kila baada ya wiki chache.

Waambie wenzako kwenye kundi, ukitaja namba na maneno yaliyotumika. Siku chache baadaye huenda akakupigia mtu mwenye sauti ya upole, anajitambulisha kuwa wa kitengo cha kurejesha fedha. Anajua kiasi ulichopoteza na tarehe, maana orodha ya waliotapeliwa huuzwa. Ataomba 15,000 ya kufungua faili. Mkatie simu, na namba hiyo nayo itume 15040.